Hela za watoto wa marehemu: kodi ni ya nani?

SWALI: Habari dada, mimi ni mjane niko Texas na watoto wawili, wa miaka 16 na 9. Baba yao alifariki mwaka juzi, sasa kila mwezi Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali ya Marekani) wanaingiza hela za watoto kwenye akaunti yangu, na mimi pia napata kidogo kwa vile namlea huyu mdogo. Januari zimekuja fomu za SSA-1099 tatu, zile za kuonyesha hela za Social Security za mwaka mzima, kila moja na jina lake. Shemeji anasema nijumlishe zote kwenye ritani yangu (fomu ya kodi ya mwaka) maana mimi ndo napokea. Ni kweli?

JIBU: Pole sana kwa msiba dada. Hapana, shemeji kachanganya. Kwa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, hela ni ya yule ambaye jina lake liko kwenye fomu, wewe za watoto unawashikia tu, kwahiyo kwenye ritani yako weka ile fomu yako peke yake, zile mbili ni za watoto na wala hazikupandishii kodi wewe.

Sasa je, watoto wenyewe wanadaiwa? Mara nyingi hata senti hawadaiwi. Chukua namba iliyo kisanduku cha 5, igawe nusu, halafu ongeza mapato mengine ya huyo mtoto, hata riba isiyokatwa kodi. Isipozidi dola 25,000 basi yameisha. Tuseme mkubwa amepata 18,000 na kibarua cha wikiendi kimempa 6,000: 9,000 na 6,000 ni 15,000, hadaiwi kitu kwenye hizo hela za baba. Ila kama kazini walimkata kodi, afaili ritani yake ili arudishiwe, watu wengi wanaziacha hizo bure tu.

Angekuwa na gawio la hisa alizorithi, mpaka hesabu ifike 26,000, hapo dola 500 za hizo hela ndo zingehesabika kama mapato ya kukatwa kodi, yaani nusu ya kilichozidi, sio zote 18,000 kama watu wanavyotishana.

Kuna kitu shemeji hajakugusia na mi naona ndo cha kuangalia zaidi. Hela za mtoto ukizitumia kwa kodi ya nyumba, chakula na nguo zake, inahesabika amejigharamia mwenyewe, na ikizidi nusu ya matunzo yake ya mwaka huwezi kumwandika kama tegemezi wako kwenye ritani. Zile ulizomwekea akiba hazihesabiki, kwahiyo tunza risiti na stetimenti za benki.