Chanjo za Safari Zipangwe Mapema

Ninapoombwa ushauri na mtu anayejiandaa kwenda nchi ya mbali, jambo la kwanza ninalomuuliza ni tarehe ya kuondoka, kwa sababu chanjo za safari hupangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Mimi mwenyewe huenda kliniki ya wasafiri wiki sita hadi nane kabla, na sijawahi kuuona muda huo kuwa mrefu mno.

Tuanze na homa ya manjano. Cheti chake cha kimataifa huanza kutambuliwa siku 10 baada ya mtu kuchanjwa, hivyo anayechanjwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa anaweza kuzuiwa hata kama kadi yake ina muhuri halali. Siku hizo zikishapita hakuna haja ya kurudia, maana tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho, zikiwemo kadi za zamani zilizoandikwa kuwa zitakwisha baada ya miaka 10. Wasilolitarajia wengi ni kwamba sharti hili hutegemea pia njia unayopitia: zipo nchi zinazomdai cheti hata msafiri aliyesubiri ndege kwa zaidi ya saa 12 katika nchi yenye ugonjwa huo. Ndiyo maana humwonyesha mhudumu ratiba nzima, pamoja na vituo vya kubadilishia ndege.

Anayekwenda Saudi Arabia kwa Hija au Umra hudaiwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo lazima iwe imetolewa angalau siku 10 kabla ya kuwasili.

Zinazonitia wasiwasi zaidi ni chanjo ambazo hakuna ofisa wa mpakani atakayeziulizia, kama vile za homa ya ini aina ya A, taifodi na kichaa cha mbwa, kwa kuwa hizo ndizo watu huziacha. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa dozi mbili zinazopishana siku 7. Aliyeipata, akiumwa na mnyama, bado atapaswa kuosha jeraha kwa maji na sabuni na kuchanjwa tena haraka, lakini hatahitaji sindano ya kingamwili, ambayo ni adimu katika sehemu nyingi za dunia.

Usimfiche mhudumu hali yako ya afya. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mjamzito, mwenye kinga dhaifu, mwenye mzio mkali wa mayai au aliyefikisha miaka 60 anapaswa kupimiwa faida na hatari zake kwanza, na ikibidi daktari humwandikia barua ya msamaha.

Kabla ya kuondoka kliniki, hakikisha jina lililo kwenye kadi linalingana na la pasipoti, na kwamba sahihi, muhuri na namba ya toleo la chanjo vipo.