Feni ya bafuni: toboa ukuta, usiishie darini

Dada, nimekuelewa: bafu la ndani halina dirisha, dari imeota madoa meusi ya ukungu, na fundi anataka feni itoe hewa juu ya jipsamu tu. Mkatalie. Mvuke utalowesha mbao za paa huko huko. Kwangu walifanya hivyo, jipsamu ikalegea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Toboa ukuta wa nje. Feni nyingi za nyumbani hutumia bomba la milimita 100, lakini pima mdomo wa feni yako kabla ya kununua. Hakikisha hapo hakuna linta (mkanda wa zege ndani ya ukuta), nyaya wala bomba la maji. Anza na tundu dogo la drili litokee nje, ndipo mchore duara pande zote mbili na kuchonga kila upande kivyake. Fundi akigonga tindo kutoka ndani tu, plasta ya nje inabanduka kipande kizima.

Bomba liinamie nje kidogo, mvua isirudi ndani. Ziba pembeni kwa silikoni, weka kifuniko chenye vibao vinavyojifunga feni ikizimwa. Chini ya mlango acha upenyo wa sentimita 1 hivi. Bila hewa ya kuingia feni itanguruma bure. Jaribu na karatasi ya chooni: ikinata kwenye feni, inavuta.

Nyaya mwachie fundi umeme mwenye leseni, swichi ikae nje ya bafu. Na kama mna hita ya gesi humo ndani, msiiweke feni kwanza: inaweza kurudisha ndani moshi wa hita wenye sumu. Mwite mtaalamu wa gesi aangalie.