Je, nikubali kuwa kocha msaidizi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, nina umri wa miaka 36. Nilicheza mpira wa miguu mpaka goti liliponikatalia, na kwa miaka sita sasa nawafundisha wasichana wa shule yetu kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Klabu moja imeniomba niwe kocha msaidizi wa timu yake ya wanawake, chini ya kocha mkuu mwanamume ambaye kiumri ni mdogo wangu. Wenzangu wananishauri nikatae, kwa kuwa eti msaidizi mwanamke huishia kupanga koni na kugawa maji. Mtu ninayemhusudu katika kazi hii ni Desiree Ellis wa Afrika Kusini. Yeye alipitia njia gani, na mimi nifanyeje?
Mwalimu wa michezo, Tanga

JIBU: Mwalimu, umemtaja mtu anayelifaa swali lako, kwa sababu Ellis naye alikaa kwenye kiti hicho unachoambiwa ukikatae, tena umri wake ukiwa umeshavuka miaka 50.

Alizaliwa Cape Town mwaka 1963. Timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini, Banyana Banyana, ilipocheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa mwaka 1993 dhidi ya Swaziland, ambayo siku hizi inaitwa Eswatini, yeye alikuwa na miaka 30, umri ambao wachezaji wengi huanza kuhesabu siku za kustaafu. Timu ilishinda 14-0 na mabao matatu yalikuwa yake. Baadaye alikuwa nahodha, akaacha kucheza mwaka 2002.

Kwa jina alilokuwa nalo, angeweza kudai ukocha mkuu au kukaa nyumbani. Badala yake alikuwa msaidizi wa Vera Pauw, Mholanzi aliyeipeleka Banyana kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Pauw alipoondoka, Ellis alipewa timu kwa muda tu, na huo “muda” ukavuka mwaka mzima: alimaliza wa nne katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake nchini Kamerun, akatwaa Kombe la COSAFA, la nchi za kusini mwa Afrika, mwaka 2017, na bado alikuwa kaimu. Alithibitishwa mwaka 2018. Mimi naona hapo ndipo penye funzo lako hasa, kuliko kwenye makombe, kwa maana ni watu wachache wanaoweza kufanya kazi kwa bidii hiyohiyo huku barua ya ajira haijaandikwa.

Wala kuthibitishwa hakukuwa mwisho wa mitihani. Mwaka huohuo alifika fainali ya Afrika nchini Ghana akafungwa na Nigeria kwa mikwaju ya penalti, na mwaka 2019, katika Kombe la Dunia la kwanza la Banyana, huko Ufaransa, alipoteza mechi zote tatu. Kwetu kocha wa namna hiyo angefungashiwa virago kabla ndege haijatua. Yeye aliachwa aendelee, na Julai 2022 huko Morocco akavuna. Mshambuliaji wake tegemeo, Thembi Kgatlana, aliumia katikati ya mashindano, lakini katika fainali iliyochezwa Rabat dhidi ya wenyeji, Hildah Magaia alifunga mabao mawili kipindi cha pili na Afrika Kusini ikashinda 2-1. Lilikuwa kombe lao la kwanza, baada ya kushindwa katika fainali tano. Mwaka uliofuata waliifunga Italia 3-2 katika Kombe la Dunia na kuingia 16 bora. Wasomaji wetu wengi walimwona tena Julai 2025 mjini Oujda, timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilipotangulia kwa bao la Opa Clement kabla ya Afrika Kusini kusawazisha na mechi kuisha 1-1.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ukubali, ila usikubali hivihivi. Hofu ya wenzako ina msingi. Wapo wasaidizi ambao msimu mzima hawakuulizwa hata nani aanze na nani akae benchi. Kabla ya kutia saini, kaa na kocha mkuu na viongozi, mkubaliane sehemu ya kazi ambayo ni yako, kwa mfano mipira ya kona na faulo, au mazoezi ya mabeki siku mbili kwa wiki, na iandikwe kwenye mkataba. Omba pia klabu ikuruhusu, na ikiwezekana ikulipie, kusomea leseni. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, hupandwa kwa ngazi, kuanzia D, kisha C, B na A, na miaka yako sita ya UMISSETA, ingawa ina thamani kubwa, haitasimama mahali pa cheti siku nafasi ya ukuu itakapotangazwa. Nunua na daftari: andika kila zoezi, lilikusudia nini, na lilionekana wapi kwenye mechi ya Jumamosi.

Na kuhusu udogo wa bosi wako, hilo lisikunyime usingizi. Yeye atakuamkia shikamoo mkikutana, na mazoezi yakianza wewe utamwita kocha.