Nimefuta kuki zote, mbona bado wananifuata?

Barua za simu mwezi huu nyingi zimeangukia jambo moja, kuki, au vidakuzi kama Chrome ya Kiswahili inavyoviita. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote maana niliisoma usiku nikashindwa kulala vizuri.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nilikuwa mjamzito, mimba ikatoka ikiwa na miezi mitano. Kipindi kile nilikuwa natafuta vitu vya mtoto kwenye simu, vitanda, nguo, majina, nikaweka na apu ya kuhesabu wiki. Saivi kila nikishika simu naletewa tangazo la pampasi au beseni la kuogeshea. Mdogo wangu kaniambia nifute kuki, nimefuta kwenye Chrome kama mara sita hivi, siku mbili tatu yanarudi. Fundi wa hapa stendi anasema dawa ni kuflashi simu, elfu 15. Na kila nikifuta, tovuti zinaanza upya kuniuliza kama nakubali vidakuzi. Nimechoka kwa kweli. Msomaji, Tanga.

JIBU: Pole sana dada yangu, Mungu akutie nguvu. Hiyo elfu 15 usimpe fundi, kaa nayo, maana ukiflashi simu halafu ukaingia tena kwa akaunti yako ileile mengi yatarudi kama yalivyokuwa na ntakuambia kwa nini.

Kuki ni kijikaratasi cha maandishi ambacho tovuti inakiacha ndani ya brauza yako, yaani ile apu ya kufungulia tovuti kama Chrome, siku ukirudi inakisoma inajua aah, ni yule wa jana. Aliyezibuni ni Lou Montulli, mwaka 1994, akiwa kampuni ya Netscape, na shida yake ilikuwa ya kawaida tu, kwamba mtandao wenyewe haukumbuki kitu, ukitoka ukurasa mmoja kwenda wa pili seva, yaani kompyuta inayokuletea kurasa, haijui kama ni wewe yuleyule, sasa duka litajuaje umeweka nini kwenye kikapu? Nia ilikuwa njema na mpaka leo bila kuki hata imeili yako huwezi kuingia. Tatizo likaja pale ukurasa mmoja unapobeba vipande vya kampuni nyingine za matangazo, kila kipande kinaacha kuki yake, na kampuni ileile ina kipande chake kwenye tovuti ya nguo za watoto, kwenye tovuti ya habari, kwenye ya mapishi, kwa hiyo inakuona kila unapopita. Mi hilo neno vidakuzi linanikumbusha mdakuzi, yule wa kuchukua maneno nyumba hii na kuyapeleka ile, na hizi kuki za kampuni za pembeni kazi yao ndo hiyohiyo.

Sasa tuje kwako. Umefuta mara sita na naamini umefuta kweli, ila angalia kitu kimoja, ukigusa vidoti vitatu vya Chrome ukaenda kwenye kufuta data ya kuvinjari, kuna sehemu ya muda juu pale, na mara nyingi inakuja yenyewe ikiwa dakika 15 zilizopita au saa moja iliyopita. Watu wengi wanabonyeza futa bila kuitazama, kinachofutika ni cha leo asubuhi, kuki za miezi ile yote zimekaa palepale. Chagua wakati wote. Kisha fungua chaguo zaidi uhakikishe kisanduku cha vidakuzi na data ya tovuti kina tiki. Na kabla ya kufuta funga tabu zote zilizo wazi, maana tovuti iliyo wazi inaweza kuandika kuki nyingine sekunde hiyohiyo na wewe unajua umesafisha.

Ukimaliza hapo hujamaliza, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Kila brauza ina mfuko wake. Ukifuta ya Chrome, ya Opera Mini haijaguswa, ya Samsung haijaguswa, ya Firefox haijaguswa. Na kuna brauza nyingine ambayo watu hawajui kama ni brauza, ile inayofunguka ndani ya Facebook ukigusa linki, unaona ukurasa umefunguka lakini hujatoka Facebook, pale una kuki zake za peke yake ambazo Chrome haina habari nazo. Ingia mipangilio ya Facebook, shuka mpaka uone sehemu ya kivinjari, yaani brauza kwa Kiswahili, futa data ya humo, na hapohapo unaweza kuiambia linki zote zifunguke kwenye brauza ya nje ili siku nyingine uwe na mfuko mmoja wa kusafisha badala ya miwili.

Halafu ile apu ya kuhesabu wiki. Hii ndo naihisi zaidi kuliko kuki zote. Apu hazikutambui kwa kuki, simu za Android zina namba maalumu ya matangazo na apu nyingi zinaisoma hiyohiyo, kwa hiyo apu moja ikishasema huyu ni mjamzito nyingine zinajua ni nani anayezungumziwa. Usiitoe tu hivihivi. Ifungue kwanza, nenda kwenye akaunti yako ya humo ndani, tafuta sehemu ya kufuta akaunti na taarifa zako, futa, ndo uiondoe kwenye simu. Baadhi ya apu hizi zina mahali pa kueleza kwamba mimba haikufika, najua kuandika hivyo kunauma, kama huwezi mpe mdogo wako akufanyie. Baada ya hapo nenda mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya Google, kisha matangazo, utaona pa kufuta kitambulisho cha matangazo. Kifute, hakina faida yoyote kwako.

La mwisho ni akaunti yako ya Google, maana uliyoyatafuta ukiwa umeingia kwa akaunti hayapo kwenye simu, yapo kwao. Ndo maana nikasema kuflashi hakusaidii. Google wana ukurasa wa kusimamia matangazo, andika myadcenter.google.com, humo kuna mada nyeti tano ambazo unaweza kusema uletewe kidogo, pombe, kamari, kutafuta wachumba, kupunguza uzito, na ujauzito na malezi. Zima hiyo ya ujauzito. Facebook nao wana kitu kama hicho kwenye mapendeleo ya matangazo, tafuta mada ya malezi uchague uoneshwe kwa uchache. Pia kwenye historia ya shughuli zako za Google futa miezi ile yote. Siwezi kukuahidi hutaona pampasi tena maisha yako yote, maana tangazo la pampasi huwa linarushwa kwa kila mwanamke wa umri fulani, lakini kule kufuatwa kutapungua sana, na ukiliona moja gusa kile kidoti au alama ya x pembeni uchague usioneshwe tena.

Kuhusu zile tovuti kukuuliza upya, hiyo ni kawaida, jibu lako la mwanzo lenyewe lilikuwa limehifadhiwa kwenye kuki, ukafuta kuki ukafuta na jibu. Maswali yale yalienea zaidi baada ya sheria ya Ulaya ya kulinda data kuanza kazi tarehe 25 Mei 2018, na hata wewe uliye Tanga unaulizwa kwa sababu tovuti nyingi zimeweka bango moja kwa dunia nzima. Usibonyeze kubali kwa kukereka tu ili ukurasa ufunguke. Tafuta kitufe cha kukataa, wakati mwingine wamekiandika kwa rangi hafifu au wamekificha ndani ya mipangilio, kitafute. Na uzuie kabisa zile za kampuni za pembeni, kwenye Chrome ni mipangilio, mipangilio ya tovuti, vidakuzi vya washirika wengine, chagua kuzuia. Google waliwahi kutangaza mwaka 2020 kwamba wataziondoa wenyewe ndani ya miaka miwili, wakasogeza, wakasogeza tena, 2024 wakasema hawaziondoi, kwa hiyo dada kazi hiyo imebaki mikononi mwetu.

Ukikwama popote niandikie tena, hii nitakujibu hata kabla ya gazeti kutoka.

SWALI: Mambo vipi bro. Nilisoma sehemu kwamba kuki ni hatari nikazuia zote kwenye simu. Sasa portal ya chuo inanigomea, naweka namba na paswedi inakubali halafu inanirudisha palepale mwanzo, na mwisho wa kusajili kozi ni wiki ijayo. Mwanafunzi, Mbeya.

JIBU: Poa mdogo wangu. Umezuia na ile uliyokuwa unaihitaji. Fikiria geti la ofisi, mlinzi anakukagua anakupa kadi uvae shingoni, sasa wewe kila ukipewa kadi unaitupa, ukifika mlango wa pili wanakurudisha getini. Paswedi yako ni sahihi, ila kuki ya kuonesha kwamba umeshaingia haina pa kukaa.

Rudi mipangilio ya tovuti uruhusu kuki, kwenye matoleo mapya ya Chrome swichi hiyo ipo sehemu ya data ya tovuti inayohifadhiwa kwenye kifaa, kisha uzuie za washirika wengine tu kama nilivyomwambia dada wa Tanga. Kama portal bado inasumbua, hasa ukifika kwenye malipo maana pale mara nyingi unapelekwa tovuti nyingine, gusa alama iliyo pembeni ya anwani juu, ruhusu kwa tovuti hiyo moja peke yake, jisajili, umalize. Usisubiri wiki ijayo, fanya leo.

SWALI: Hujambo ndugu. Niko Mombasa, iPhone yangu alinipa dadangu, yeye alikuwa amempatia mtoto wake akiitumia. Nikitaka kufuta historia na data za Safari, yale maandishi yamekuwa ya kijivu, hayabonyezeki. Simu imeharibika? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Sijambo ndugu, na simu yako ni nzima. Umenipa jibu mwenyewe uliposema mtoto alikuwa anaitumia. Dada yako aliweka vizuizi vya mtoto na vikiwa vimewekwa upande wa tovuti, Safari, ambayo ndo brauza ya iPhone, inakataa kufuta historia, maana mzazi anataka aone mtoto alipita wapi. Ingia mipangilio, tafuta muda wa kutumia skrini, ile yenye aikoni ya saa ya mchanga, kisha vizuizi vya maudhui na faragha, humo upande wa tovuti ruhusu zote au zima vizuizi vyenyewe. Itakuomba namba ya siri ya tarakimu 4 ambayo sio lazima iwe ile ya kufungulia simu, mpigie dada yako anayo yeye.

Na uzuri wa Safari ni kwamba kuki za kampuni za pembeni imezizuia yenyewe tangu Machi 2020, kwa hiyo wewe kuzuia zote huhitaji, ukizuia zote utaishia kama kijana wa Mbeya. Kama simu yako ina iOS 18, yaani programu kuu ya iPhone toleo la 18, au zaidi na huioni Safari kwenye mipangilio, wameihamishia ndani ya orodha ya apu, chini kabisa. Ila ningekuwa mimi, simu iliyopitia mikono miwili ningeisafisha yote nianze na akaunti yangu.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu, niko Dodoma. Simu yangu inapiga kelele mchana kutwa inaandika ina virusi vinne nibonyeze hapa. Mjukuu amefuta vidakuzi, kelele zinaendelea. Nisaidie.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu amefanya vizuri ila hizo sio kuki na wala simu haina hivyo virusi vinne, tovuti haina uwezo wa kuikagua simu yako ikahesabu virusi. Siku moja ulifungua ukurasa ukakuuliza kama uruhusu arifa, labda walikwambia bonyeza ruhusu ili video icheze, ukabonyeza, kuanzia siku hiyo wana ruhusa ya kukupigia kengele hata kama brauza imefungwa. Kufuta kuki peke yake hakuondoi ruhusa hiyo.

Mwambie mjukuu kengele ikija aibonyeze kwa muda mrefu bila kuifungua, utaona jina la tovuti inayotuma. Kisha aende Chrome, mipangilio, mipangilio ya tovuti, arifa, ataona orodha ya waliopewa ruhusa, ile tovuti na nyingine yoyote msiyoijua azizuie zote. Akiigusa tovuti yenyewe ataona na pa kufuta data zake na kurudisha ruhusa zake mwanzo, hapo kuki na arifa zinaondoka pamoja. Kengele zitakata hapohapo.

Na mzee wangu, kama kuna siku ulibonyeza ukapakua apu ya kusafisha virusi waliyokupa wao, itolewe leo, na kama uliandika namba ya siri ya pesa za simu mahali popote humo, ibadilishe sasa hivi kabla hujampa mjukuu simu.