Kushona mikoba Unguja: vifaa kwanza, mtindo baadaye

Fundi wa Dar es Salaam akiishiwa vichwa vya zipu saa nne asubuhi, saa tano ameshatoka Kariakoo na pakiti mkononi. Fundi wa Unguja yakimfika hayo ana njia mbili: azunguke maduka ya Darajani na Mchangani mjini akibahatisha rangi na namba, au asubiri mzigo wa boti. Akiamua kuvuka mwenyewe, nauli inazidi mara nyingi bei ya kile alichofuata. Huku kazi ya mteja imekaa mezani, imekamilika yote isipokuwa kichwa kimoja cha zipu.

Kwa hiyo kisiwani kazi ya mikoba huanza upande wa pili. Usichore mkoba kwanza kisha ukatafute vifaa vyake. Jua kwanza ni vifaa gani unavipata mwaka mzima, vipi vinavumilia hewa ya bahari, kisha uchore mkoba juu ya hivyo. Mtindo unaotegemea bizimu inayouzwa na duka moja tu ni mtindo wa kushona mara moja.

Bahari inakula nini

Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na vyote viwili vinaingia ndani ya mkoba hata ukiwa umetundikwa dukani. Pete, bizimu na vifungo vya sumaku vya bei ndogo kwa kawaida ni chuma au madini laini yaliyopakwa rangi ya fedha au dhahabu. Pale rangi inapochubuka, hasa kwenye ukingo na kwenye tundu la ribiti, kutu huanza, na kutu hiyo haiishii kwenye pete: inatia doa kitambaa, na doa la kutu halitoki kwa sabuni.

Kabla hujanunua dazeni, nunua kimoja ukijaribu. Kiguse kwa sumaku. Kikinata, ndani kuna chuma. Kisha kitie kwenye kikombe cha maji yenye kijiko kimoja cha chumvi, kilale humo usiku mmoja, kitoe na ukiache wazi siku tatu bila kukifuta. Kikitoa kutu au unga mweupe, achana nacho hata kama kinapendeza. Shaba ya manjano itafifia na kuota rangi ya kijani, lakini inasuguliwa kwa ndimu ikarudi. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora, ila bei yake ni ya juu.

Zipu za meno ya chuma ziache kabisa. Chukua zipu ya plastiki ya kujiviringa, ile ambayo meno yake ni uzi mmoja uliozungushwa, namba 5, inayouzwa kwa mita, na vichwa vyake kando. Namba 3 ni nyembamba mno kwa mdomo wa mkoba, inafaa mfuko wa ndani tu. Kichwa cha namba 5 hakishiki mkanda wa namba 3, kwa hiyo usichanganye kwenye boksi moja. Vichwa navyo ni vya madini: kila wiki chache paka nta ya mshumaa kidogo kwenye meno ya mikoba iliyokaa dukani na uvute kichwa mara mbili tatu, kisije kikaganda.

Badala ya kifungo cha sumaku, kisiwa kina kifuu cha nazi. Kata kipande cha kipenyo cha sentimita 3, kipigwe msasa hadi kiwe laini, kitobolewe matundu mawili, kipakwe mafuta ya nazi kidogo. Hakishiki kutu, hakisubiri boti, na mkoba wa kanga unapendeza nacho kuliko sumaku yoyote.

Ngozi ya bandia inataka tahadhari ya peke yake. Ile laini inayofanana sana na ngozi halisi, yenye tabaka la juu la poliyurethani, mara nyingi hubanduka magamba katika hali ya joto na unyevu baada ya miaka michache, hata kama haijatumika, kwa sababu unyevu unalivunja lile tabaka lenyewe. Usinunue roli lake la akiba. Ile ngumu zaidi ya plastiki ya PVC haina ugonjwa huo, ingawa hukakamaa. Ngozi halisi inadumu, lakini wakati wa masika, Machi hadi Mei, huota ukungu ikiwekwa kwenye mfuko wa nailoni. Itundike penye upepo, ifute kwa kitambaa kikavu.

Kanga ina utaratibu wake

Kitenge ni rahisi: upana wake ni karibu sentimita 115, kinakatwa mstari kwa mstari. Kanga si kitambaa cha mita. Ina pindo, ina mji, ina jina, na kila kanga moja ni takriban sentimita 150 kwa 110. Jina liko sehemu moja tu, katikati kuelekea upande mmoja mrefu. Maana yake kanga moja inatoa vipande kadhaa vya mkoba lakini kimoja tu chenye jina, na doti inatoa viwili. Panga bei yako kwa hesabu hiyo, maana wengi huuza mkoba wenye jina kwa bei ya ule usio nalo na kubaki na mabaki yasiyonunulika.

Pima jina kabla ya mkasi. Likiwa na urefu wa sentimita 44 na mkoba wako una uso wa sentimita 30, herufi za mwanzo na mwisho zitakunja kona na halitasomeka. Hapo ama panua mkoba, ama weka jina kwenye mfuko wa nje au kwenye kifuniko. Kwa mkoba mpana, kipande kiwe na sentimita 60: 44 za jina, 4 za nafasi pembeni, 10 za unene wa mkoba na 2 za mshono. Na jina likae angalau sentimita 9 juu ya ukingo wa chini wa kipande, vinginevyo nusu yake itaingia kwenye kitako.

Na lisome. Watu wa hapa wanasoma majina ya kanga, na jina la fumbo au la kumpiga mtu kijembe linaweza kumletea maneno mteja mgeni aliyelipenda kwa rangi tu. Mweleze maana yake kabla hajalipa.

Kanga peke yake ni nyepesi mno kwa mkoba. Ifue kwanza, peke yake, maji baridi, mara mbili au tatu mpaka maji yatoke meupe. Kisha isugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa, na kikipata rangi rudia. Ukiruka hatua hii, mvua ya kwanza itahamishia rangi ya pindo kwenye gauni la mteja. Halafu itie mgongo wa amerikani nzito, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, nayo iwe imefuliwa. Vilaze viwili pamoja, piga mshono mrefu kuzunguka ukingo, nusu sentimita kutoka pembeni, na baada ya hapo vishughulikie kama kitambaa kimoja.

Kitambaa cha gundi kinachobandikwa kwa pasi kinafaa zaidi kwa kitenge, lakini kitenge kipya kina wanga, na gundi hushika wanga badala ya nyuzi. Ndiyo sababu ya yale mapovu yanayotokea baada ya mwezi. Fua, kausha kabisa, kisha gandamiza pasi sekunde 10 hadi 12 kila sehemu bila kuiburuta, uache kipoe palepale. Siku za mvua kitambaa kina unyevu hata kama mkono hauuhisi: kipige pasi kikavu kwanza, ndipo uweke gundi.

Kwa kitako, usitie boksi. Boksi likilowa mara moja halirudi. Ubao mwembamba wa plastiki wa kukatia mboga, ule unaojipinda, ukikatwa sentimita 29 kwa 9 na kona zikaviringwa, unakaa miaka.

Vipimo vya mkoba mmoja wa kuanzia

Huu una uso wa sentimita 30, kimo 32 na unene 10, mshono sentimita 1 kila upande. Vipande viwili vya nje, kila kimoja upana 42 na kimo 39. Bitana viwili vya upana 41.5 na kimo kilekile. Ile nusu sentimita inazuia bitana kujaa mikunjo ndani. Kwenye kona mbili za chini za kila kipande kata mraba wa sentimita 5 kwa 5, ukipima kutoka ukingo wa kitambaa. Mikanda miwili ya upana wa sentimita 3, kila mmoja urefu wa sentimita 70.

Mikanda hushonwa kwanza, kabla vipande vya nje havijaunganishwa. Ncha ikae kwenye uso wa kitambaa, ianze sentimita 5 chini ya ukingo wa juu, na upande wa ndani wa kitambaa kiwepo kiraka cha amerikani cha sentimita 6 kwa 6. Shona mraba na msalaba katikati. Mikoba mingi inayorudishwa kwa fundi haijakatika uzi: kitambaa chenyewe kimechanika pembeni mwa mshono kwa sababu hakikuwa na kiraka. Ukaze zaidi uzi na bado kitachanika.

Shona pembeni na chini, kisha fungua kila kona, mshono wa pembeni ukutane na wa chini, shona moja kwa moja: hapo ndipo unene wa 10 unapatikana. Bitana vivyo hivyo, ila uache tundu la sentimita 15 chini. Ingiza mkoba ndani ya bitana, nyuso zikitazamana, na kitanzi cha kifungo kikiwa kati ya tabaka hizo mbili. Shona mdomo mzima, geuza kupitia tundu, ziba tundu, kisha piga mshono wa juu kuzunguka mdomo.

Cherehani ya miguu ya kawaida inaifanya kazi hii vizuri. Sindano namba 14 kwa kitenge na bitana, 16 kwa kanga yenye amerikani, 18 pale mkanda unapokutana na tabaka nne. Mshono uwe milimita 3, na 3.5 au 4 kwa mikanda. Kwenye ngozi na ukili (utepe wa miyaa iliyosukwa) usiupunguze chini ya hapo: matundu yakikaribiana unatengeneza mstari wa kuchania. Uzi uwe wa polista. Wa pamba huoza kwa unyevu, na wa nailoni una nguvu lakini jua linaudhoofisha upesi kuliko polista. Mshono ukiruka kwenye tabaka nene, badilisha sindano kabla hujagusa kitu kingine. Mara nyingi ncha imepinda au imeshika kutu.

Ukiweka ukili, unyunyizie maji dakika kumi kabla ya kushona. Miyaa mikavu hupasuka sindano inapopita. Baada ya kazi kausha kivulini kisha juani, vinginevyo utaota koga ndani ya bitana mahali usipopaona.

Kununua kwa hesabu ya boti

Andika mahitaji ya mikoba 30, si ya mkoba mmoja. Kwa vipimo vya hapo juu, kitenge cha yadi 6 kinatoa mikoba 13 upande wa nje, kwa hiyo vitenge vitatu. Bitana ya upana wa 150 inatoa vipande vitatu kwa kila sentimita 39, hivyo mita 8, na ya tisa kwa mifuko. Mkanda mita 42. Zipu ya mifuko ya ndani, sentimita 22 kila mkoba, mita 7, na vichwa 35, maana vichache hutoka kiwandani vimepinda. Sindano pakiti tatu za kila namba. Kabla ya kuzinunua hakikisha shina lake ni la cherehani yako: sindano za cherehani za kiwandani zina shina la mviringo, za nyumbani zina upande bapa, na muuzaji mwenye haraka hakuulizi.

Agiza tena akiba ikibaki theluthi moja, usingoje iishe. Vitu vinavyowasimamisha mafundi ni vidogo: vichwa vya zipu, sindano, uzi wa rangi ya bitana. Hivi weka vya miezi mitatu. Kitambaa usikirundike, kwani nakshi hubadilika na unyevu unakiharibu.

Kwa pete na bizimu, mitumba inashinda maduka mengi. Mkoba wa mtumba uliochakaa mara nyingi una pete nzito za shaba na zipu nzuri kuliko zozote zinazouzwa mpya, na mkanda wa kiunoni wa ngozi unatoa vishikio viwili. Fumua, osha kwa maji baridi, kausha, panga kwa ukubwa. Kasoro yake ni kwamba hupati kumi zinazofanana, kwa hiyo zinafaa mikoba ya mmoja mmoja.

Kuvuka mwenyewe kwenda Kariakoo kunalipa kama unanunua kwa ajili ya mafundi watatu au wanne. Mchange, mmoja avuke na orodha iliyobandikwa vipande halisi: kipande cha mkanda, kichwa cha zipu, uzi. Maneno «bluu ya wastani» hayana maana mbele ya rafu yenye bluu ishirini. Aliyeko Pemba ana bahari mbili, na ndiye hasa anayehitaji kununua kwa kundi. Fundi wa Lamu yeye anatazama Mombasa, ambako Biashara Street ndiyo mtaa wa leso, yaani kanga, na mzigo wake unapita gati la Mokowe.

Mzigo ufungwe nailoni ndani ya gunia, si gunia peke yake, hasa Juni hadi Septemba wakati wa kusi, maji yanaporuka hadi juu. Stakabadhi zisikae ndani ya gunia. Azishike msafiri mkononi kwa ajili ya ukaguzi wa bandarini. Ukifika bandari ya Malindi, Unguja, fungua siku hiyohiyo: ingiza kichwa kimoja cha zipu kwenye mkanda wake, pitisha mkanda wa kitambaa kwenye pete, funga sindano moja kwenye cherehani. Kisichoingiana kitajulikana huku boti ya kesho bado haijaondoka na muuzaji bado anakumbuka sura ya aliyenunua.