Mlenda Kwenye Bomba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu yuko Texas, kwenye visima vya gesi. Anasema wanapopasua mwamba kwa maji hutia dawa ya polima, maji yawe kama mlenda na yateleze. Mimi nauza pampu, na ninavyojua maji yakiwa mazito pampu inalemewa. Mlenda utapitaje haraka kuliko maji matupu? Ni sumu? Na gesi yetu ya Songo Songo hutolewa hivyo?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa maji yanayokwenda polepole uko sahihi kabisa, mlenda utakulemea. Lakini huko kwa kaka yako wanasukuma mapipa 80 hadi 100 kwa dakika, pipa moja lita 159, kwenye bomba la inchi tano hivi, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Kwa kasi hiyo maji hayanyooki. Yanajizungusha na kujigonga ukutani, na nguvu nyingi ya injini inaishia kwenye msukosuko huo kabla haijaufikia mwamba.

Polima wanayotumia zaidi ni poliakrilamaidi. Molekuli ya maji ina uzito wa 18. Ya polima hii hupita milioni 10, mnyororo mrefu ajabu. Karibu na ukuta wa bomba minyororo hiyo huvutika na kuvizima vile vizunguzungu vya maji vikiwa bado vidogo. Kwa hiyo usiifikirie kama grisi: hailipaki bomba chochote, inayatuliza maji yenyewe. Lita moja ya dawa hiyo, au hata nusu, kwa kila lita 1,000 za maji inaweza kuondoa zaidi ya nusu ya msuguano. Mwanasayansi B. A. Toms wa Uingereza aliliandika jambo hili mwaka 1948, na mimi hadi leo bado linanishangaza.

Nimeishika kwa mikono yangu. Zamani nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja hapa Dar, tukitumia unga wa ukoo huohuo kukusanya uchafu kwenye maji taka. Mweupe, kama sukari. Siku ya kwanza niliumimina wote kwa mkupuo kwenye ndoo. Ukafanya madonge, nje ute, ndani unga mkavu, na yale hayayeyuki hata ukoroge mpaka jioni. Unanyunyizwa kidogo kidogo huku maji yakizunguka. Siku nyingine kijana mwenzetu aliumwaga sakafuni, akavuta mpira wa maji aoshe. Pakawa pabaya zaidi. Mzee wetu wa zamu akapita, akaanguka, akavunjika mkono. Baada ya hapo ukimwagika tulifunika kwanza kwa mchanga mkavu, tukazoa, ndipo tukaosha.

Muulize kaka yako maji yao yana chumvi kiasi gani. Mnyororo huu hubeba chaji hasi za umeme zinazosukumana, ndiyo maana unatanuka. Kwenye maji ya chumvi, hasa yenye kalsiamu, unajikunja na kazi inapungua. Unayajua maji ya visima yanayokataa povu la sabuni? Mkosaji ni huyo huyo kalsiamu.

Kuhusu sumu, tofautisha vitu viwili. Akrilamaidi, malighafi yake, hudhuru mishipa ya fahamu na hudhaniwa kuleta saratani, na kwa hofu hiyo ya saratani Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha mikrogramu 0.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Polima iliyokamilika haina ukali huo, bali mabaki ya malighafi ndani yake lazima yapimwe. Mimi ningeyaogopa zaidi maji yanayorudi juu kutoka kisimani, yamebeba chumvi nyingi ya mwambani. Hayo yakimwagwa ovyo yanaua shamba.

Songo Songo ni habari nyingine. Gesi ile iligunduliwa mwaka 1974 na kufika Dar mwaka 2004. Imo kwenye mawe ya mchanga yenye vitundu vilivyoungana, nayo hupanda kwa shinikizo lake yenyewe. Ya Texas imebanwa kwenye mwamba ulioshikamana, usipoupasua haitoki.

Na kama umeanza kuwaza kuijaribu kwenye pampu zako, ngoja kwanza. Pangaboi la pampu huikatakata minyororo hiyo, na ikishakatika maji yanarudi yalivyokuwa. Ndiyo sababu kwenye mabomba marefu ya mafuta dawa za aina hii huingizwa baada ya pampu, si kabla yake.