Maswali Yenu: Barua ya "Kwa Nini Kijapani?"

Swali: Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne, na sasa namsaidia mjomba wangu gereji hapa Malindi. Nimeomba nafasi shule ya lugha Japani, muhula wa Aprili. Wametaka barua ya sababu za kusoma Kijapani. Nikaandika kwamba napenda katuni zao na kwamba Japani ni nchi nzuri iliyoendelea. Wameirudisha niandike upya. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi, Maweni*

Jibu: Marahaba. Kupenda katuni si kosa, ila katuni waweza kuzitazama ukiwa Maweni. Barua hiyo haisomwi na shule tu. Hupelekwa pia idara ya uhamiaji ya Japani pamoja na maombi ya cheti cha ustahiki wa ukaazi, na bila cheti hicho viza ni ngumu. Afisa anataka kujua jambo moja: huyu anakuja kusoma, au anakuja kutafuta kazi kwa mgongo wa masomo?

Sababu yako nzuri umeipitia juu juu: gereji. Magari mengi ya mtumba mnayoyafungua yametoka Japani, na baadhi ukiyawasha tu yanasema "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Wapo abiria wanaodhani wamesalimiwa! Gari linalalamika kuwa kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Anzia hapo. Taja kazi unayoifanya, maandishi yanayokukwamisha, na chuo cha ufundi wa magari unachokusudia baada ya lugha. Vyuo hivyo mara nyingi hutaka kiwango cha N2 katika JLPT, mtihani wa kupima ujuzi wa Kijapani, ambao huanzia N5 chini hadi N1 juu. Malizia na utakachofanya ukirudi. Ukurasa mmoja watosha, pamoja na tafsiri yake ya Kijapani.

Wengi huangushwa na tarehe na pesa. Miezi uliyokaa baada ya shule ieleze, na tarehe zilingane na vyeti. Mdhamini unayemtaja awe yuleyule wa kwenye taarifa ya benki. Mwanafunzi akipata kibali huruhusiwa kufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki, lakini ukiandika kwamba karo utailipa kwa vibarua hivyo, umejifungia mlango mwenyewe.

Tena, shule nyingi hudai ushahidi wa kusoma Kijapani saa 150 hivi, au cheti cha N5. Kwa saa moja kila siku hiyo ni miezi mitano, na makaratasi ya Aprili hufika uhamiaji karibu na Novemba. Piga hesabu yako.

Swali: Je, Kijapani ni kigumu kwa Mswahili?
*Msomaji, Langoni, Lamu*

Jibu: Mdomoni si kigumu, mkononi ndiko kwenye kazi. Irabu ni zetu zilezile tano, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. L hawana, kwa hiyo mji wako watauita Ramu. Chunga urefu tu, kama tunavyotenga "pa" na "paa": *obasan* ni shangazi, *obaasan* ni bibi. Na konsonanti ikirudiwa, isubiri kidogo: *kite* ni "njoo", *kitte* ni stempu.

Kitenzi huja mwisho wa sentensi, lakini viambishi utavizoea upesi. *Taberu* ni kula, *tabesaseru* ni kulisha, *taberareru* ni kuliwa. Vibandike vyote viwili, *tabesaserareru*, upate kulishwa. Sisi huongeza "-sh-" na "-w-", wao "-sase-" na "-rare-", kwa mpangilio uleule.

Kijapani kina seti mbili za herufi za silabi: hiragana ni 46, katakana nazo 46. Maliza seti moja kwanza, ukiziandika kwa mkono, ndipo ushike ya pili. Anayezichanganya huishia kupotewa na zote. Kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, za matumizi ya kawaida ni 2,136. Hizo zidonoe chache chache kila siku, na kila moja uisome ndani ya neno zima, kwa sababu herufi moja huweza kuwa na matamshi mawili au zaidi.